Kujizibia damu mkononi kabla ya kukimbia: uchambuzi wa kisa kimoja

Tumchukue mkimbiaji mmoja wa miaka 47. Ni wa mfano, ila maswali yake ni yale yale wanayouliza wakimbiaji wengi wa rika lake. Hashindani kwa ajili ya riziki. Anakimbia kwa afya, mara tatu kwa juma, na mara mojamoja anaingia mbio za kilomita 10. Presha ilianza kumpanda miaka michache nyuma, na sasa anameza kidonge kimoja kwa siku. Akasikia kwamba ukizuia damu mkononi kwa dakika chache, ukaiachia, kisha ukaizuia tena, moyo hupata kinga na miguu hupata nguvu. Akatafuta mkanda wa kupimia presha, ule wa kujaza hewa kwa mpira wa mkononi, akaanza.

Kila asubuhi anakaa kitini, anaufunga mkanda juu ya kiwiko, anapampu hadi geji isome milimita 200 za zebaki, anasubiri dakika 5, anaachia hewa, anapumzika dakika 5, kisha anarudia. Raundi 4, jumla dakika 40. Juma hilohilo aliongeza pia siku moja ya kukimbia kwa vipindi: dakika 3 za kasi, dakika 2 za polepole, mara 5.

Baada ya majuma 6, muda wake wa kilomita 10 ulikuwa umeshuka kutoka dakika 58 na sekunde 20 hadi dakika 56 na sekunde 40. Presha ya asubuhi, iliyokuwa ikicheza kwenye 138 kwa 86, ikawa inasoma 130 kwa 81. Juma la 7 kano ya kisigino ikaanza kumuuma, akaambiwa asikimbie kwa majuma 3. Anataka kujua mambo mawili. Je, ni mkanda uliomletea mafanikio haya? Na je, mkanda huohuo unaweza kumshikia hali yake wakati huu ambao hakimbii?

Niseme mapema ninakoelekea. Kwa mtu anayeweza kukimbia, kukimbia kwenyewe ndiko kunakofanya kwa ukamilifu kazi ambayo mkanda unaifanya kwa sehemu tu. Mkanda si upuuzi. Una sayansi nzito nyuma yake. Lakini mahali pake hasa ni pale mwili ulipozuiwa kujituma, na hata hapo matumaini yamepungua kadiri majaribio yalivyokuwa makubwa.

Wazo lenyewe

Mwaka 1986, Charles Murry, Robert Jennings na Keith Reimer wa Chuo Kikuu cha Duke, Marekani, waliziba mshipa mmoja wa moyo wa mbwa kwa dakika 5, wakaufungua dakika 5, wakarudia hivyo mara 4, kisha wakauziba kwa dakika 40 mfululizo. Mtu angetarajia moyo uliokwisha kunyimwa damu mara nne uumie zaidi. Ikawa kinyume: sehemu ya msuli iliyokufa ilikuwa karibu robo tu ya ile ya mbwa ambao hawakutayarishwa. Dhiki ndogo iliyotangulia ilikuwa imeufundisha moyo kuvumilia dhiki kubwa.

Mwaka 1993 Karin Przyklenk na wenzake walionyesha kwamba si lazima izibwe sehemu ileile inayolindwa. Ukiubana mshipa unaolisha eneo moja la moyo, eneo la jirani nalo linapata kinga. Hapo ndipo neno "mbali" lilipoingia katika utafiti huu. Mwaka 2002 kundi la Rajesh Kharbanda likafika kwenye mkono wa binadamu: mkanda wa kawaida wa presha, usio na sindano wala kisu, ulitosha kuilinda mishipa ya mkono wa pili dhidi ya madhara ya kukosa damu.

Taarifa inasafirije kutoka mkononi hadi moyoni? Kwa njia mbili zinazosaidiana. Ya kwanza ni neva. Ukizikata kwenye kiungo kilichobanwa, kinga hupungua. Ya pili ni damu yenyewe. Plazma (majimaji ya damu) ya aliyebanwa mkono ikipitishwa kwenye moyo wa mnyama mwingine, moyo huo nao hulindwa. Ndani ya seli, vitu kama adenosini na bradikinini huwasha mlolongo wa ishara unaoishia kwenye mitokondria, yaani vijiwanda vya nishati vya seli, na kuzizuia zisitoboke pale damu inaporudi kwa nguvu. Hili la mwisho ni muhimu kulielewa, kwa sababu sehemu kubwa ya madhara hutokea damu inaporejea, si inapokosekana tu.

Kinga hiyo huja kwa mawimbi mawili. La kwanza huanza papo hapo na kuisha baada ya saa chache. La pili hujitokeza karibu siku moja baadaye na huweza kudumu hadi siku ya tatu, kwa kuwa seli zimepata muda wa kutengeneza protini mpya. Hii ndiyo hoja ya kurudia kila siku: anayefunga mkanda asubuhi zote anataka wimbi la pili lisikatike.

Sasa angalia mazoezi. Mnyama akikimbizwa mara moja tu, moyo wake hupata mawimbi hayohayo mawili. Tangu karne ya 18 daktari Mwingereza William Heberden, aliyeeleza maumivu ya kifua yatokanayo na moyo, alimtaja mgonjwa aliyejipangia kupasua mbao kwa msumeno nusu saa kila siku na akakaribia kupona kabisa. Madaktari wa leo huiona hali ya namna hiyo kwa wagonjwa ambao kifua huwabana kwenye mwendo wa kwanza, wakapumzika kidogo, kisha wakaenda mwendo wa pili bila kubanwa kama mwanzo. Mkimbiaji wetu, kwa hiyo, alikuwa tayari anajipa maandalizi haya mara tatu kwa juma kabla hajanunua mkanda.

Rangi ya kiganja

Kabla ya kuuliza kama mkanda ulisaidia, inabidi kuuliza kama ulifanya kazi iliyokusudiwa. Hapa kisa kinanivutia kuliko mahali pengine popote.

Katika maelezo yake anasema kwamba majuma ya mwanzo, ikifika dakika ya tatu, mkono ulikuwa unajaa, unakuwa mzito, kucha zinageuka zambarau, na mara mbili aliona vidoadoa vyekundu karibu na kiwiko. Aliichukulia kuwa dalili kwamba mkanda "unashika". Baadaye, alipobadilisha mkanda kwa sababu vali ya ule wa kwanza ilikuwa inavuja hewa, hali ikawa tofauti: kiganja kinapauka, ganzi inaingia vidoleni taratibu, na akiachia hewa tu, joto linaenea mkono mzima na kiganja kinawiva kwa wekundu kwa sekunde kadhaa.

Hizo ni hali mbili tofauti kabisa. Ateri zinapeleka damu mkononi kwa msukumo mkubwa. Vena zinairudisha kwa msukumo mdogo sana. Mkanda ukibana kuzidi namba ya juu ya presha ya mtu, njia zote mbili zinafungwa: hakuna kinachoingia wala kinachotoka, mkono unapauka. Mkanda ukivuja na kushuka hadi, tuseme, 110 au 120, ateri zinafunguka katika kila pigo la moyo ilhali vena bado zimefungwa. Damu inaingia, haitoki. Mkono unajaa, unakuwa zambarau, vimishipa vidogo vya ngozi vinapasuka na kuacha vidoadoa. Hayo ni msongamano wa damu, na msongamano sio ukosefu wa damu uliotumika kwenye majaribio. (Kwa ngozi nyeusi usitazame mgongo wa mkono, tazama kiganja na kucha, ndiko rangi inakoonekana.)

Kwa presha yake ya 138, milimita 200 zinatosha na kubaki, mradi zibaki 200 kwa dakika zote 5. Hazikubaki. Kwa hiyo katika majuma yale ya mwanzo mkimbiaji wetu hakuwa akifanya kitu alichodhani anafanya, isipokuwa kwa dakika moja au mbili za kila raundi. Na bado muda wake wa mazoezi ulikuwa umeanza kushuka kabla ya mkanda mpya kufika. Ushahidi huu una uzito dhidi ya mkanda, japo hauufuti.

Nitaje pia kwamba mashine za presha zinazojijaza zenyewe kwa umeme hazifai kwa kazi hii. Zimetengenezwa kupanda, kusoma na kushuka, hazishikilii.

Presha iliyoshuka

Kushuka kutoka 138 hadi 130 kunafurahisha, na mtu anaweza kujenga matumaini makubwa juu yake. Lakini alipimaje? Kabla ya kuanza, alikuwa anajipima mara tu anapoamka na kujiandaa, amekaa dakika moja au chini ya hapo. Baada ya kuanza, akaona ni rahisi kujipima anapomaliza raundi ya nne, kwa sababu mkanda tayari uko mkononi.

Yaani vipimo vya baadaye vyote vilichukuliwa baada ya mtu kukaa kimya kwa dakika 40. Kukaa tu kunashusha presha. Ndiyo maana mwongozo wa kupima unataka mtu atulie angalau dakika 5 kabla. Zaidi ya hayo, alipima kwenye mkono uleule uliotoka kubanwa, ambao mishipa yake imetanuka kwa muda baada ya kunyimwa damu. Tofauti ya milimita 8 inaweza kuelezwa yote na njia ya kupima pekee. Na kuna mazoezi yenyewe: mazoezi ya kupandisha mapigo, kama kukimbia, yakifanywa mara kwa mara hushusha presha ya mtu mwenye shinikizo la damu kwa milimita kadhaa, na yeye alikuwa ameongeza mazoezi.

Je, kurudia kubana kunagusa mishipa kweli? Ndiyo, na hapa upande wa mkanda una hoja nzuri. Mwaka 2014 Helen Jones na wenzake, Liverpool, waliwabana mkono vijana wenye afya kila siku kwa siku 7. Uwezo wa ateri kutanuka damu inapoongezeka uliimarika, tena si kwenye mkono uliobanwa tu bali hata kwenye mkono wa pili. Kitu kilisafiri. Utando wa ndani wa mishipa hutoa oksidi ya nitriki, gesi inayoilegeza mishipa, damu inapopita kwa kasi na kuusugua, na mkono unapoachiwa damu hupita kwa kasi kubwa mno. Mazoezi hufanya usuguaji huohuo katika miguu, mikono na moyo kwa nusu saa nzima bila kukatika. Hivyo njia ni ileile, isipokuwa eneo na muda vinatofautiana sana.

Sekunde 100

Muda wake ulishuka kwa sekunde 100 kati ya sekunde 3,500, yaani karibu asilimia 3. Namba hii ina mtego. Mwaka 2010 Patricia de Groot na wenzake, Uholanzi, waliwajaribu waendesha baiskeli 15 waliofunzwa vizuri, wakawabana miguu kwa milimita 220, dakika 5 mara 3, muda mfupi kabla ya kipimo. Kiwango cha juu cha oksijeni ambacho mwili unaweza kutumia kilipanda kwa asilimia 3, na nguvu ya juu ya kukanyaga kwa asilimia 1.6. Mwaka 2012 Tom Bailey na wenzake waliona wakimbiaji wakiokoa sekunde 34 katika kilomita 5. Ukiziweka namba hizi kando ya ile ya mkimbiaji wetu, unashawishika kusema: ndiyo hiyo hasa.

Tulia kwanza. Watu wale walibanwa miguu, si mkono, na mara moja tu kabla ya kipimo. Yeye alibana mkono kwa majuma 6, na asubuhi ya mbio za pili alifunga mkanda kama kawaida kabla ya kwenda kwenye mstari. Hivyo hata kama mkanda ulimsaidia, hatuwezi kujua kama ni ule wa asubuhi ile au ni mlimbiko wa majuma 6. Na ameongeza vipindi vya kasi, ambavyo kwa mtu aliyekuwa anakimbia kwa mwendo mmoja tu ni kichocheo kikubwa. Kwa mtu wa aina hiyo, asilimia 3 ndani ya majuma 6 ni matokeo ya kawaida kabisa ya mazoezi ya kasi.

Kisha kuna suala la matarajio. Watafiti wakitaka kuwapa watu mkanda wa kuigiza, huujaza milimita 20 tu. Lakini mtu anahisi tofauti ya 20 na 200. Hakuna anayedanganyika kirahisi. Moacyr Marocolo na wenzake, Brazil, walilipima jambo hili kwa waogeleaji, na katika utafiti wa mwaka 2015 mkanda wa kuigiza nao ulihusishwa na matokeo mazuri. Anayeamini kwamba ameandaliwa anavumilia zaidi pale mapafu yanapoanza kuwaka. Hilo si jambo la kudharau, kwani sekunde zilizookolewa ni za kweli. Ila sababu yake haiko mkononi.

Ukinilazimisha kugawa sekunde zile 100, nitayapa mazoezi ya vipindi sehemu kubwa, nitaipa hali ya siku na matarajio sehemu ya kati, na nitauachia mkanda masalia. Siwezi kusema ni sifuri.

Swali la pili

Sasa amekaa, kano inauma, na swali lake ni zito kuliko la kwanza. Hapa ndipo mkanda ulipopaswa kung'ara, kwa sababu hoja yake kuu ni kumsaidia asiyeweza kujituma.

Tazama yaliyotokea hospitalini. Mwaka 2012 Meng Ran na wenzake, China, walichapisha utafiti wa wagonjwa 68 wenye mishipa ya ubongo iliyosinyaa, ambapo kubana mikono yote mara mbili kwa siku kwa siku 300 kuliambatana na kiharusi cha kurudia kwa asilimia 7.9, dhidi ya asilimia 26.7 kwa wasiobanwa. Ilikuwa habari kubwa. Miaka 10 baadaye utafiti mkubwa zaidi nchini humo, RICA, wenye washiriki zaidi ya 3,000, haukupata tofauti ya uhakika. Wengi hawakuweza kuendelea na ratiba hiyo kila siku kwa miezi mingi, na sishangai. Mwaka huohuo wa 2022 utafiti wa RICAMIS ulipata manufaa kiasi kwa waliotoka kupata kiharusi: waliopona vizuri walikuwa asilimia 67.4 dhidi ya 62.0.

Upande wa moyo umevunja moyo zaidi. Mwaka 2015 tafiti mbili kubwa za upasuaji wa moyo, ERICCA na RIPHeart, hazikuonyesha faida. Huenda dawa ya usingizi ya propofoli inazima ishara. Mwaka 2019 utafiti wa CONDI-2/ERIC-PPCI, wenye wagonjwa zaidi ya 5,000 wa shambulio la moyo, nao haukupunguza vifo wala kulazwa kwa moyo kushindwa kazi. Kinachofanikiwa kwa mnyama kijana mwenye afya hulegea kwa mtu mzima mwenye kisukari, presha na dawa tano kwa siku.

Kwa mkimbiaji wetu jibu ni hili. Mtu aliyefunzwa akiacha mazoezi, ndani ya majuma 2 hadi 3 uwezo wake wa kutumia oksijeni hushuka. Edward Coyle, mwaka 1984, aliona ukishuka kwa asilimia 7 hivi katika siku 21 za kwanza. Kinachotangulia kupungua ni kiasi cha plazma, hivyo moyo unasukuma damu kidogo kwa kila pigo. Mkanda wa mkononi hauongezi plazma, haulazimishi moyo kujaa na kusukuma, wala hauifanyi misuli ya paja itengeneze mitokondria. Unaweza kuisaidia mishipa ibaki laini. Pumzi ya kilomita 10 hauwezi kuishika.

Kinachoweza kuishika ni baiskeli, kukimbia ndani ya maji, au kuogelea: chochote kinachopandisha mapigo bila kuchokoza kisigino. Kano yenyewe haipendi kulala kabisa. Inahitaji mzigo unaoongezwa taratibu, kama kuinua na kushusha kisigino polepole kwa kiwango ambacho maumivu yanavumilika. Dakika 40 za kiti kila siku ni dakika 280 kwa juma. Shirika la Afya Duniani linapendekeza dakika 150 hadi 300 za mazoezi ya wastani kwa juma kwa mtu mzima. Muda anao, kwa hiyo. Sehemu kubwa ningeuhamishia kwenye baiskeli, na mkanda nikauacha mara 3 kwa juma kama anaupenda, kwa vali isiyovuja na kupampu haraka ili damu isinaswe njiani.

Kidonge cha presha asikiguse bila daktari, hata namba zikiwa nzuri namna gani. Na asimwazime mkanda jirani bila kuuliza maswali: mwenye selimundu, mwenye damu iliyowahi kuganda kwenye mishipa, anayetumia dawa za kuzuia damu kuganda, aliyeondolewa tezi za kwapa, au mwenye mkono uliotengenezewa mshipa wa kusafishia damu, hawa wasijaribu nyumbani.

Akishapona na kurudi barabarani, upo uwezekano wa kupata jibu lake mwenyewe. Ratiba ya mbio isibadilike kwa majuma 8: majuma 4 na mkanda, majuma 4 bila mkanda, na sarafu iamue kipi kitangulie. Presha aipime asubuhi kabla ya kufunga chochote, ametulia dakika 5, kwenye mkono usiobanwa, na achukue wastani wa siku 7 badala ya namba moja iliyomfurahisha. Mwisho wa kila kipindi akimbie njia ileile, saa ileile, bila kufunga mkanda siku hiyo. Tofauti ikiwa chini ya ile anayoiona kati ya juma moja na jingine la kawaida, mkanda urudi kwenye kazi yake ya kupimia presha.